James Dewar: Bingwa wa baridi aliyenasa gesi kwa mkaa wa vifuu vya nazi

Na Mwandishi Wetu

KARIBU kila nyumba mjini ina chupa ya chai. Hujazwa alfajiri, na hadi saa nne asubuhi mgeni akibisha hodi chai bado inatoa mvuke. Wachache kati ya wanaoimimina wanajua kwamba chupa hiyo haikubuniwa kwa ajili ya chai, wala haikukusudiwa kutunza joto.

Ilibuniwa mwaka 1892 na mkemia wa Scotland, Sir James Dewar, aliyekuwa akitafuta chombo cha kuhifadhia vimiminika vyenye baridi kali mno, ambavyo vilikuwa vikichemka na kutoweka mbele ya macho yake.

Chupa hiyo ndiyo iliyolifanya jina lake lidumu. Hata hivyo, kuna kazi nyingine ya msomi huyo ambayo haizungumzwi sana, ingawa viwanda na maabara za leo zinaitegemea kila siku. Hiyo ni kazi yake juu ya mkaa, hususan mkaa wa vifuu vya nazi, na uwezo wake wa kunasa gesi na kuzitenganisha.

Maisha ya Dewar ni simulizi ya kipaji kikubwa na hasira kubwa zilizokaa katika kifua kimoja. Alikaribia kufika mwisho wa safari ya baridi kuliko binadamu yeyote wa wakati wake, kisha akaishia kuwatazama wengine wakivuka mstari kwa kutumia zana alizozibuni yeye mwenyewe.

Ajali ya barafu

Dewar alizaliwa Septemba 20, 1842 katika mji mdogo wa Kincardine, kando ya mto Forth, nchini Scotland. Baba yake, Thomas Dewar, alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo na mwenye nyumba ya wageni. James alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wa kiume.

Akiwa na umri wa miaka 10, alitumbukia majini baada ya barafu aliyokuwa akiikanyaga kuvunjika. Aliokolewa, lakini akapatwa na homa ya baridi yabisi iliyomlemaza kwa muda mrefu na kumkatisha masomo.

Kwa mtoto wa kijijini, huo ungeweza kuwa mwisho wa ndoto. Badala yake, aliutumia muda huo kukaa katika karakana ya seremala wa kijiji, ambako alijifunza kutengeneza fidla. Vidole vilivyokuwa vimekakamaa kwa ugonjwa vikapata wepesi kwa kuchonga, kupinda na kuunganisha mbao nyembamba.

Baadaye alikiri kuwa karakana hiyo ndiyo iliyomfundisha ustadi wa mikono uliombeba katika maabara. Moja ya fidla alizotengeneza, yenye jina lake na mwaka 1854, ilipigwa katika sherehe ya miaka 50 ya ndoa yake, mwaka 1921.

Alipofikisha miaka 15 alikuwa tayari yatima. Alisoma katika shule ya Dollar na kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alifundishwa na mkemia Lyon Playfair, aliyevutiwa na kijana huyo na kumfanya msaidizi wake.

Mwaka 1867 alikwenda Ghent, nchini Ubelgiji, kufanya kazi kwa muda katika maabara ya August Kekulé, mmoja wa vigogo wa kemia wa karne ile. Mwaka 1871 alimwoa Helen Rose Banks. Ndoa hiyo ilidumu hadi kifo chake, ingawa hawakujaliwa kupata watoto.

Mwaka 1875 aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na miaka miwili baadaye akapewa uprofesa wa kemia katika Royal Institution ya London, taasisi aliyowahi kufanyia kazi Michael Faraday. Vyeo vyote viwili alivishikilia hadi siku aliyofariki dunia. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa London, na huko ndiko alikojenga himaya yake.

Mkaa waingia maabara

Kwamba mkaa hunyonya gesi halikuwa jambo jipya. Tangu miaka ya 1770, Carl Wilhelm Scheele wa Sweden na Felice Fontana wa Italia walikuwa wameona kuwa mkaa uliopashwa moto na kupoa huvuta hewa na kuificha ndani yake.

Katika miaka ya 1860, mkemia John Hunter alilinganisha mkaa wa aina mbalimbali na kubaini kuwa ule wa vifuu vya nazi huvuta gesi kwa wingi kuliko mingine. Lakini kwa wengi, jambo hilo lilikuwa kioja cha maabara kisichokuwa na matumizi makubwa.

Dewar aliliona kwa jicho jingine. Mwaka 1875, akiwa na mwanafizikia Peter Guthrie Tait wa Edinburgh, alionyesha kuwa mkaa unaweza kutumika kutengeneza ombwe, yaani nafasi isiyokuwa na hewa, bora kuliko lile lililopatikana kwa pampu za wakati ule.

Njia yao ilikuwa rahisi. Waliweka mkaa ndani ya chombo cha kioo, wakaupasha moto huku pampu ikitoa hewa, ili mkaa uteme gesi yote iliyokuwa ndani yake. Kisha chombo kilizibwa. Mkaa ulipopoa, ulianza kuvuta masalia ya hewa ambayo pampu ilishindwa kuyatoa.

Ombwe hilo liliwawezesha kuchangia mjadala uliokuwa umewashughulisha wanasayansi wa Ulaya, juu ya kifaa cha William Crookes chenye vijibawa vinavyozunguka vinapopigwa na mwanga. Baadhi walidhani ni mwanga wenyewe unaosukuma vijibawa hivyo. Tait na Dewar walionyesha kuwa chanzo ni gesi kidogo iliyobaki ndani ya kifaa.

Baada ya hapo, Dewar aliuweka mkaa kando kwa takriban miaka 30. Alikuwa ameingia katika mashindano mengine.

Mbio za kuelekea sifuri

Mwishoni mwa karne ya 19, wanasayansi walikuwa katika mbio za kuzigeuza gesi kuwa vimiminika. Faraday aliwahi kufanikiwa kwa gesi kadhaa, lakini chache zilimshinda kabisa, zikiwamo oksijeni, nitrojeni na haidrojeni. Zikaitwa gesi za kudumu, kana kwamba zimekula kiapo cha kutobadilika.

Mwaka 1877, Louis Cailletet wa Ufaransa na Raoul Pictet wa Uswisi, kila mmoja kwa njia yake, walipata matone na ukungu wa oksijeni. Mwaka 1883, Zygmunt Wróblewski na Karol Olszewski wa Kraków walifanikiwa kupata oksijeni ya kimiminika iliyotulia ndani ya chombo.

Dewar hakuwa wa kwanza, lakini alikuwa hodari wa kuukuza mtambo na wa kuuonyesha umma. Mihadhara yake ya Ijumaa usiku ilikuwa tamasha. Mabwana na mabibi wa London walijazana ukumbini kumtazama mtu huyo mfupi akimimina kimiminika cha rangi ya samawati hafifu, ambacho kilikuwa ni oksijeni ya hewa wanayoivuta.

Kufikia mwaka 1891 mitambo yake ilikuwa ikizalisha oksijeni ya kimiminika kwa wingi. Tatizo likawa ni mahali pa kuihifadhi. Oksijeni huchemka katika nyuzi 183 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, hivyo hata chumba chenye baridi ni kama tanuri kwake.

Jibu alilolipata lilikuwa chupa ndani ya chupa, na katikati yake ombwe. Joto halina njia rahisi ya kuvuka mahali ambapo hakuna hewa ya kulibeba. Aliongeza tabaka la fedha kwenye kioo ili kurudisha mnururisho wa joto. Kimiminika kilichokuwa kikitoweka haraka sasa kikakaa kwa saa nyingi.

Dewar hakuchukua hataza ya chupa hiyo. Kwake ilikuwa chombo cha sayansi, na sayansi ilikuwa ya wote.

Mafundi wa Ujerumani waliona mbali zaidi. Reinhold Burger, fundi wa vioo, alitambua kuwa chombo kinachozuia joto kuingia huzuia pia joto kutoka. Mwaka 1903 alijipatia hataza ya chupa yenye ganda la chuma, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa jina la Thermos. Dewar alikwenda mahakamani kudai haki yake, akashindwa kwa kukosa hataza.

Haikuwa mara yake ya kwanza kukutana na wanasheria. Mwaka 1889 yeye na Frederick Abel walikuwa wamebuni kordaiti, baruti isiyotoa moshi mwingi, kwa ajili ya serikali ya Uingereza. Kampuni ya Alfred Nobel iliona imeibiwa na ikafungua kesi iliyofika ngazi ya juu kabisa ya mahakama za nchi hiyo. Mwaka 1895 kampuni hiyo ilishindwa.

Haidrojeni yasalimu amri

Mei 10, 1898 ndiyo siku iliyoliandika jina la Dewar katika historia ya fizikia. Katika chumba cha chini cha Royal Institution, haidrojeni iliyobanwa kwa kani kubwa na kupozwa awali kwa hewa ya kimiminika iliachiwa ipenye kwenye tundu jembamba. Matone yakaanza kudondoka.

Alipata takriban sentimita 20 za ujazo kabla mabomba hayajaziba kwa hewa iliyoganda. Ilikuwa haidrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata, 1899, aliigandisha haidrojeni hiyo na kuwa yabisi, akashuka hadi karibu nyuzi 259 chini ya sifuri.

Gharama ya kazi hiyo haikuwa fedha peke yake. Wasaidizi wake wawili, Robert Lennox na J. W. Heath, kila mmoja alipoteza jicho katika milipuko iliyotokea maabara. Mitungi ya gesi iliyobanwa, mabomba ya kioo na mikono ya binadamu vilifanya kazi bega kwa bega, na makosa hayakusamehewa.

Sasa ilibaki gesi moja tu, heliamu.

Siri ya kifuu

Ni katika kipindi hiki ndipo Dewar alipourudia mkaa wake wa zamani, safari hii akiwa na silaha ambayo hakuwa nayo mwaka 1875, yaani baridi kali. Matokeo ya utafiti huo yalitangazwa kuanzia mwaka 1904, mwaka ambao pia alipewa heshima ya kuitwa Sir.

Aliuzamisha mkaa wa vifuu vya nazi katika hewa ya kimiminika na kupima ni kiasi gani cha gesi kinanaswa. Sentimita moja ya ujazo ya mkaa huo, ambayo ni kama ukubwa wa kete ndogo ya bao, ilinasa sentimita 18 za ujazo za oksijeni katika nyuzi sifuri. Katika nyuzi 185 chini ya sifuri, ilinasa 230.

Kwa nitrojeni, kiasi kilipanda kutoka 15 hadi 155. Kwa haidrojeni kilipanda kutoka 4 hadi 135. Kwa heliamu kilikuwa 2, na hata katika baridi hiyo kali kikafika 15 tu.

Takwimu hizo zinaeleza mambo mawili. Kwanza, baridi huuzidishia mkaa nguvu ya kunasa mara nyingi. Pili, mkaa hauzipokei gesi zote sawasawa. Ile ambayo ni rahisi kuigeuza kimiminika hushikwa sana, na ile iliyo ngumu kama heliamu huachwa ipite.

Sababu yake imo katika maumbile ya mkaa wenyewe. Kifuu kinapochomwa bila hewa ya kutosha, maji na mafuta hutoka na kuacha kiunzi cha kaboni kilichojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vile vilivyo muhimu zaidi kwa kunasa gesi vina upana usiozidi sehemu mbili za milioni ya milimita.

Molekuli ya gesi ikiingia katika kitundu chembamba namna hiyo huzungukwa na kuta za kaboni kila upande, na kila ukuta huivuta kidogo. Ikiwa na joto, hurukaruka na kujinasua. Ikipozwa, hupoteza kasi na kubaki imenata. Gesi haizami ndani ya kaboni kama maji katika sponji, bali hutandazwa juu ya uso wa vitundu hivyo.

Uso huo ni mkubwa kupita inavyodhaniwa. Gramu moja ya mkaa mzuri ulioamilishwa viwandani leo inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita 1,000 za mraba. Kiasi kinachojaa kijiko kinaweza kuwa na eneo linalolingana na uwanja wa mpira wa miguu.

Watu wa pwani wana msemo kwamba kwa mdudu chungu, kifuu cha nazi ni bahari. Dewar hakuujua msemo huo, lakini vipimo vyake viliuthibitisha.

Kuigawa hewa

Dewar hakuishia kwenye kunasa. Aliushibisha mkaa baridi kwa hewa ya kawaida, kisha akauacha upate joto polepole huku akikusanya gesi iliyotoka, lita baada ya lita.

Hewa tunayovuta ina oksijeni kwa takriban asilimia 21. Lita ya kwanza iliyotoka kwenye mkaa ilikuwa na asilimia 18.5, kwa sababu nitrojeni ndiyo iliyotangulia kujinasua. Lita zilizofuata zikazidi kuwa na oksijeni nyingi, hadi ya sita ikafika asilimia 84.

Kwa lugha nyepesi, alikuwa ameigawa hewa kwa kutumia mkaa. Kanuni ya kunasa kwanza, kisha kuachia kwa mpangilio, ndiyo iliyo katika mitambo mingi ya leo ya kutenganisha gesi, ingawa mitambo hiyo hubadilisha kani badala ya kutegemea baridi pekee.

Vilevile, aliweka mkaa ndani ya nafasi ya ombwe katika vyombo vya chuma. Chuma huvujisha gesi kidogo kidogo na kuharibu ombwe, lakini chombo kinapojazwa kimiminika baridi, mkaa ulio ndani ya ukuta hupoa na kuimeza gesi hiyo. Chombo kikawa kinajilinda chenyewe.

Wengine hawakuchelewa. Mwaka 1906, Ernest Rutherford, aliyekuwa Montreal, alitumia mkaa wa vifuu kunasa gesi ya mionzi itokayo kwenye radiamu, ile ambayo leo huitwa radoni.

Ugomvi ulioziba njia

Hapa ndipo kilipo kiini cha masikitiko ya maisha ya Dewar.

Heliamu ilikuwa adimu mno. Aliyeigundua hapa duniani, mwaka 1895, alikuwa William Ramsay wa University College, taasisi iliyokuwa jijini London vilevile. Ramsay alikuwa na heliamu na utaalamu wa kuisafisha. Dewar alikuwa na baridi ambayo wakati huo hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo. Watu hao wawili wangeketi meza moja, huenda historia ingeandikwa London.

Hawakuketi. Dewar alikuwa mwepesi wa kuhamaki na mzito wa kusamehe. Ramsay naye aliwahi kudai mbele ya wanakemia kwamba Olszewski alimtangulia Dewar kuigeuza haidrojeni kuwa kimiminika, na baadaye akalazimika kuyafuta maneno hayo. Jeraha halikupona.

Dewar aligombana pia na William Hampson, aliyedai kuwa wazo la mtambo wa kupoza hewa lilikuwa lake. Mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa.

Mwaka 1898 aliamini kwa muda kuwa amekwisha kuigeuza heliamu, kabla ya kubaini kuwa alikosea. Akaanza kutafuta heliamu yake mwenyewe kutoka kwenye gesi inayobubujika katika chemchemi za moto za mji wa Bath. Gesi hiyo ilikuwa na mchanganyiko wa neoni, ambayo iliganda na kuziba mabomba ya mtambo.

Wakati huohuo, Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, alikuwa akisonga mbele kwa mwendo wa kobe. Tofauti na Dewar, aliyefanya kazi kwa usiri na wasaidizi wachache, Onnes alianzisha shule ya mafundi ndani ya maabara yake na kuwafunza vijana kupuliza vioo na kuunda vipuri.

Alipata heliamu kutoka kwenye mchanga wa monaziti na kuisafisha. Kusafisha huko kulitumia mkaa uliopozwa, ile njia iliyotoka katika chumba cha chini cha Royal Institution. Mkaa ulishika kila kichafu na kuiacha heliamu ikiwa peke yake.

Ramsay pia, hasimu wake mkubwa, mwaka 1905 alitumia mkaa uliopozwa kutenga heliamu na neoni katika hewa ya kawaida ili kupima kiasi chake.

Julai 10, 1908, Onnes alifanikiwa kuigeuza heliamu kuwa kimiminika, katika nyuzi 269 chini ya sifuri. Kimiminika hicho kilikuwa ndani ya vyombo vya muundo wa Dewar, na kilipozwa awali kwa haidrojeni ya kimiminika, ambayo Dewar ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipata.

Mbio zikawa zimekwisha. Ramsay alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Onnes akapata yake mwaka 1913. Dewar, ambaye jina lake lilipendekezwa mara kadhaa, hakuipata kamwe.

Mapovu ya sabuni

Lennox, msaidizi wake wa miaka mingi aliyepoteza jicho kazini, naye hatimaye aliondoka kwa ugomvi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, maabara ilikosa watu na fedha za kuendesha mitambo ya baridi.

Mzee huyo akageukia kitu kisichohitaji gharama, mapovu ya sabuni. Alichunguza jinsi utando mwembamba wa sabuni unavyoweza kudumu, na kwa uvumilivu ambao hakuwa nao kwa binadamu wenzake, alifaulu kutunza mapovu makubwa kwa muda mrefu.

Huko nje, mkaa ulikuwa umepewa kazi asiyoitarajia yeyote. Aprili 22, 1915, jeshi la Ujerumani liliachia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Mwaka huohuo mkemia Nikolai Zelinsky wa Urusi alibuni barakoa yenye mkaa ulioamilishwa, na mwaka 1916 askari wa Uingereza walianza kupewa barakoa zenye chembe za mkaa.

Marekani ilipojiunga na vita, wananchi wake waliombwa mwaka 1918 kukusanya kokwa za matunda ili zichomwe mkaa wa barakoa. Vifuu vya nazi vilikuwa miongoni mwa malighafi bora, kama Hunter na Dewar walivyokuwa wameonyesha.

Heshima nyingine hazikumpita Dewar. Mwaka 1916 alitunukiwa nishani ya Copley, ya juu kabisa katika Royal Society. Machi 27, 1923, akiwa na umri wa miaka 80 na bado akiwa profesa, alifariki dunia jijini London. Mwili wake ulichomwa huko Golders Green.

Urithi uliobaki

Zaidi ya karne moja tangu vipimo vile vya mkaa vitangazwe, kaboni yenye vitundu imesambaa mahali pengi bila watu kuiona. Magari mengi yanayotumia petroli yana kikopo cha mkaa ulioamilishwa kinachonasa mvuke wa mafuta kutoka kwenye tangi ili usitoroke hewani.

Viwandani, kaboni yenye vitundu vilivyochongwa kwa kipimo maalumu hutumika kutenga nitrojeni na hewa. Oksijeni huingia kwenye vitundu hivyo haraka kuliko nitrojeni, hivyo nitrojeni hubaki nje na kukusanywa. Gesi hiyo hutumika, pamoja na mengine, kulinda vyakula visioze katika vifungashio.

Watafiti katika nchi mbalimbali wanaichunguza kaboni ya aina hiyo kwa ajili ya kunasa hewa ya ukaa inayotoka kwenye mitambo ya umeme, moja ya vyanzo vya ongezeko la joto duniani. Kinachowavutia ni kwamba malighafi yake inaweza kuwa taka za shambani, na kwamba ikishashiba, gesi inaweza kuondolewa na mkaa ukatumika tena.

Katika mradi mkubwa wa nyuklia wa ITER, kusini mwa Ufaransa, pampu za kutunza ombwe zimebuniwa zikiwa na paneli baridi zilizopakwa mkaa wa vifuu vya nazi. Kazi yake ni kunasa gesi nyepesi, ikiwamo heliamu, gesi ileile iliyomsumbua Dewar.

Hata huku kwetu jina lake halijapotea. Mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe anayepita vijijini na mtungi wa nitrojeni ya kimiminika wenye mbegu, amebeba chombo ambacho wanamaabara duniani kote wanakiita dewar.

Msomi huyo alikosa fedha za chupa, akakosa heliamu na akakosa Nobel. Sehemu ya hasara hiyo ilitokana na bahati, na sehemu nyingine aliisababisha mwenyewe, kwa kuwafungia mlango watu aliowahitaji.

Chupa ya chai mezani na kifuu kinachotupwa jalalani baada ya nazi kukunwa ni vitu viwili vya kawaida mno. Yeye aliona ndani yake kile ambacho wengine hawakukiona, na dunia inaendelea kula matunda ya macho hayo.